Biblia Ilikukatalia Lini Mara ya Mwisho?

Ukishuka Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi wakati mitumbwi inashusha mzigo na wapagazi wanapigana vikumbo, unaweza kujisomea Biblia bila kufungua kitabu. Ubavuni mwa mtumbwi: Wafilipi 4:13. Nyuma ya bajaji inayosubiri abiria: Yeremia 29:11. Kioo cha daladala ya Buhongwa kimebandikwa Zaburi 23, na pembeni yake picha ya mchezaji mpira. Nimekaa mji huu muda mrefu na sijaona bado mtumbwi ulioandikwa "Wapendeni adui zenu", wala bajaji yenye "Uza ulivyo navyo, uwape maskini". Labda ipo. Kama ipo, nitaipanda hata kama siendi popote.

Siwacheki wenye vyombo. Mtu anayekesha juu ya maji ambayo dhoruba yake haipigi hodi ana haki ya kuandika ubavuni neno la kumtia moyo. Ila pale Mwaloni naona tabia yetu sote: mistari tunayoipenda ni ile inayotukubalia. Ndiyo tunayoiweka kwenye status, ndiyo tunayoichapisha kwenye kadi za harusi, ndiyo tunayoikariri. Na swali ambalo nimewauliza wenzangu wa jumuiya, kile kikundi chetu kidogo cha Wakatoliki wa mtaani, mpaka wamenichoka ni hili: Biblia ilikukatalia lini mara ya mwisho? Sisemi kukukataza wizi, hilo hata serikali inakataza. Nasema kukukatalia jambo ambalo ulikuwa na uhakika nalo, umeshalipanga, tena umeliombea.

Watu huudhani unyenyekevu wa kusoma Maandiko kuwa ni sauti ya upole, macho yaliyofumbwa, na kusema "mimi sijui kitu" kila baada ya sentensi. Nimewajua wenye sauti ya upole ambao hakuna aya iliyowahi kuwabadilisha mawazo. Kwangu mimi kipimo ni kimoja tu: je, maneno haya yanaruhusiwa kukuambia hapana?

Chukua hiyo Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Paulo anaiandika akiwa kifungoni. Aya inayotangulia inayataja hayo "mambo yote": kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Yaani anasema amejifunza kukosa. Sisi tumeifanya iwe aya ya kupata. Mwenye mtumbwi anayerudi alfajiri bila kitu ndiye aliye karibu zaidi na Paulo, na huenda ndiye pekee pale mwaloni mwenye haki kamili ya kuisoma kwa sauti.

Yeremia 29:11 ndiyo inanichekesha zaidi, kicheko cha kujikuna kichwa. "Kwa maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ni barua kwa watu waliopelekwa uhamishoni Babeli. Sura moja nyuma, nabii anayeitwa Hanania amewatangazia kwamba mambo yatakwisha ndani ya miaka miwili. Watu walimpenda, bila shaka, nani asingempenda? Halafu inakuja barua ya Yeremia: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu hukohuko, msiwasikilize wanaowaotea ndoto, kwa sababu ni miaka 70. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa wangezikwa Babeli. Ndani ya hapana hiyo ndefu ndipo limekaa lile neno la mawazo ya amani. Tumelichomoa, tumeliacha la miaka 70 mezani, na kwa namna fulani tumegeuka wafuasi wa Hanania kwa kutumia maneno ya Yeremia.

Kuna Zaburi 35 pia. "Ee Bwana, utete nao wanaoteta nami." Hiyo inajulikana na kila aliyewahi kugombana na mpangaji mwenzake, na kwenye mikesha inasomwa kwa kupiga ngumi hewani. Endelea mpaka aya ya 13. Mtunzi anasema kwamba hao hao maadui walipougua, yeye alivaa gunia akafunga kwa ajili yao. Sijawahi kumsikia mtu akiiweka hiyo kwenye status siku ambayo mbaya wake amelazwa hospitali ya Bugando.

Hata Ibilisi, katika Mathayo 4, anamjia Yesu na aya mkononi, tena nzuri, ya Zaburi 91 kuhusu malaika watakaokuchukua usijikwae. Haikosei. Anainukuu vizuri kuliko wengi wetu.

Mtu aliyelisema jambo hili kwa ukali zaidi ni Mwafrika mwenzetu, Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ulioko leo katika nchi ya Algeria. Alikuwa mwanafunzi Karthago, ana miaka 19, amesoma Cicero, mwandishi wa Kirumi, akawaka moto wa kutafuta hekima. Akaamua ayajaribu Maandiko. Akayaona ya kishamba. Lugha haina madaha, hadithi za wachungaji na wake zao. Akaweka kando. Baadaye sana, akiwa askofu, aliandika kwamba alikutana na kitu ambacho kiingilio chake ni cha chini, lakini ukishaingia kinapaa, na kwamba yeye wakati ule hakuwa mtu wa kuinamisha shingo. Napenda kwamba hakusema alikosa akili. Akili alikuwa nayo nyingi mno. Na Petro mwenyewe, kwenye waraka wake wa pili, anakiri kwamba katika nyaraka za ndugu Paulo kuna mambo magumu kuelewa. Kama hilo limeandikwa ndani ya Biblia, sijui wahubiri wetu wa vipaza sauti wanapata wapi uhakika wa kumaliza kitabu cha Ufunuo kwa semina ya siku tatu.

Jumuiya yetu hukutana Jumamosi asubuhi na mapema, kabla watu hawajatawanyika kwenye shughuli, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Tunasoma Injili ya Jumapili inayofuata kwa zile hatua saba zilizotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunarudia neno lililotugusa, tunakaa kimya, tunashirikishana, tunaangalia tunaitwa kufanya nini, tunasali. Wengi huziona kama utaratibu wa kujaza muda mpaka chai iive. Ujanja wake uko hatua ya tano. Hapo hakuna kuhubiri wala kusahihishana. Unasema lililokugusa wewe, unanyamaza, na mwenzako akisema jambo unaloliona la ovyo unameza mate. Kwa walimu wastaafu, nasi tunao wawili, hiyo ni adhabu.

Siku moja ilikuwa zamu ya Mathayo 13, ule mfano wa juya lililotupwa baharini likakusanya wa kila namna. Wengi tulikuwa na maelezo yetu tayari, maana mfano wenyewe ni mfupi na kila mtu ameshausikia: wema huku, wabaya kule, moto. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza nusu kwa utani, "Kwa hiyo Yesu anatetea kokoro?" Watu wakacheka. Kokoro, wavu wa kukokota mpaka nchi kavu, ni marufuku ziwani kwetu, linazoa mazalia na vifaranga, na yakikamatwa huchomwa moto hadharani. Juya la Injili na kokoro ni ndugu wa tumbo moja.

Mzee mmoja hakucheka. Ujanani alivuta kokoro huko visiwani, na huwa hapendi kulizungumzia. Alisema, "Tulia nikueleze, mjukuu wangu. Kokoro mnavuta watu wengi, huku na huku, mko nchi kavu mnarudi kinyumenyume. Kamba iko kiunoni. Unachosikia ni uzito tu. Huoni kitu. Inaweza kuwa sato, inaweza kuwa magugu, inaweza kuwa jiwe. Mnavuta tu. Mpaka lifike mchangani ndipo watu wanakaa chini, wanaanza kuchambua. Na nimevuta miaka, sijaona samaki aliyemo ndani ya kokoro akamchambua mwenzake."

Akanyamaza, kama kanuni inavyotaka.

Msomaji wa nje hawezi kujua kwa nini sebule ile ilipoa ghafla. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumegawanyika vibaya kuhusu msiba. Jirani aliyekuwa hahudhurii jumuiya, hatoi michango, alikuwa hoi kitandani, na baadhi yetu walikwisha kusema wazi kwamba akifa tusijihusishe, ili iwe fundisho. Wanaoijua hali ya jumuiya zetu Tanzania wanaufahamu ugomvi huu, hauko Mwanza peke yake. Nasi tulikuwa na aya za kutosha pande zote mbili. Aliyetunyamazisha hakuleta aya mpya. Aliijua kamba. Alikaa na mfano ule kwa namna ambayo sisi, wenye vidokezo vya chini ya ukurasa, hatukukaa nao, akaona jambo ambalo limeandikwa waziwazi na tulikuwa tunaliruka: wanaotenga ni malaika, na ni mwisho wa dunia. Hatua ya sita ilikuwa fupi. Jirani alipofariki tulienda, wengine kwa shingo upande, turubai lilifungwa, uji ulipikwa.

Tangu hapo nimekuwa nikiwasikiliza wavuvi zaidi. Luka 5, kwa mfano. Nilikuwa nikiisoma kama hadithi ya muujiza wa samaki wengi. Wavuvi wa dagaa wanaisoma kama hadithi ya aibu ya kikazi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa wengi wanaegesha vyombo wanasubiri. Usiku ndiyo saa ya kazi. Sasa Simoni amekesha, hajapata kitu, ameshaosha nyavu, na kuosha nyavu ndiko kukubali kwamba leo basi. Anakuja seremala kutoka Nazareti, mchana kweupe, anamwambia shusha. Ziwa la Genesareti lina urefu wa kilomita 21 hivi, ukiliweka ndani ya Ghuba ya Speke, hapa Ziwa Victoria, wavuvi wa Ukerewe wataliita bwawa, lakini kiburi cha fundi hakina uhusiano na ukubwa wa maji. Simoni anasema alichokijua: tumefanya kazi usiku kucha tusipate kitu. Hakuficha. Halafu, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Mvuvi mmoja aliniambia kwamba pale pa "lakini" yeye angemwambia Yesu ashuke kwanza kwenye mtumbwi. Nilimwelewa kabisa. Kukubali hapana kwenye jambo usilolijua ni rahisi. Simoni aliikubali kwenye jambo ambalo lilikuwa linamlisha.

Lakini kuna hapana nyingine, na mji wetu unaijua kwa machungu. Ni pale ambapo Maandiko yanakataa kukupa maelezo.

Tarehe 21 Mei 1996, Jumanne asubuhi, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika bandari ya Mwanza. Walikufa zaidi ya watu 800. Makaburi ya wengi wao yako Igoma. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, kikaondoka na zaidi ya watu 220. Kwenye misiba ya aina hii huwa hachelewi kutokea mtu mwenye tafsiri. Atakuambia Mungu alikuwa anasema nini, na nani, na kwa dhambi gani. Huwa ana aya. Chombo kilichojaza kupita kiasi hakitajwi. Inatajwa hasira ya Mungu.

Yesu aliulizwa swali hilo, au tuseme alilichukua mwenyewe. Luka 13: mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa. Mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu? Nawaambia, sivyo. Basi. Haendelei kueleza kwa nini mnara ulianguka. Anawageukia walio hai na kuwaambia watubu wao. Aliyekuja kutafuta maana ya kifo cha wengine anaondoka na kazi ya kufanya juu ya maisha yake. Marafiki wa Ayubu nao walianza vizuri mno: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makuu. Wangeondoka siku ya saba tungewasifu hadi leo. Wakafungua midomo, wakasema mambo mengi ya kweli kuhusu Mungu, na mwishoni Mungu anawaambia hawakunena yaliyo sawa. Sura nyingi za kitabu kile ni mahubiri ya watu waliokuwa na uhakika. Namheshimu sana padri anayesimama mbele ya jeneza akasoma somo, akakaa.

Acha niseme jambo la pembeni. Jirani yangu upande wa kushoto ni Mwislamu, mzee mstaafu wa bandari. Jioni baada ya sala hukaa barazani na msahafu juu ya marfaa. Kabla ya hapo nasikia maji ya kopo: anatia udhu, mikono, uso, miguu, taratibu, kama hakuna anayemsubiri. Hatukubaliani mambo mengi ya dini, na tumeshazoea. Lakini Biblia yangu iko kwenye simu, aikoni yake katikati ya M-Pesa na redio, naifungua mkono mmoja ukiwa na chapati. Sidhani simu ni dhambi. Ila mzee yule, kabla hajasoma herufi moja, ameshakubali kwamba anakwenda mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye. Kwenye simu, kila kitu kina ukubwa uleule wa kidole.

Kama kuna jambo moja la vitendo ninaloweza kumpendekezea mtu, ni kusoma masomo ambayo hakuyachagua. Ndiyo maana, pamoja na manung'uniko yangu mengine, naipenda kalenda ya liturujia. Tangu marekebisho ya mwaka 1969 Wakatoliki tunasoma Injili za Jumapili kwa mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A ni Mathayo, B ni Marko, C ni Luka, na Yohane anaingia kwa vipindi. Huwezi kuruka. Una hasira na mtu, Injili ya wiki hiyo haijali. Una furaha ya kiwanja kipya, unakutana na tajiri aliyepanga kubomoa ghala zake. Rafiki zangu wa kanisa la AIC na wa Kipentekoste wana mipango yao ya kumaliza Biblia kwa mwaka, na wanasema Mambo ya Walawi yamewashughulikia vivyo hivyo. Kinachofanya kazi ni kwamba aliyepanga si wewe.

Watu wanataka kujua kama hivi unakua kiroho. Mimi sina kipimo. Niliowaona wakikua hawakutangaza, na mara nyingi aliyeona wa kwanza ni mtu anayewadai au anayedaiwa nao. Nitamtaja mmoja bila jina, maana amenipa ruhusa ya kusimulia ila si ya kumtaja.

Ni mama anayeuza dagaa kwa jumla. Alimpa kijana mmoja magunia kwa mali kauli, akayauze Kahama, hela irudi. Hela haikurudi. Kijana naye akapotea, kisha akaibuka mtaani amenenepa. Mama alikuwa ameshaongea na mgambo. Ilikuwa akamatwe katikati ya gulio, watu wote waone. Wiki hiyo ikaangukia Dominika ya 24 ya Mwaka A, Mathayo 18, mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 akaenda kumkaba koo mwenzake kwa dinari 100.

Kwenye mahubiri tumezoea kusikia kwamba dinari 100 ni vijisenti. Mama alipofika zamu yake alikataa. Alisema dinari moja ni kibarua cha siku nzima, imeandikwa humohumo kwa Mathayo, kwa hiyo 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho, na asitokee mtu wa kumwambia ni hela ndogo. "Mimi nalijua gunia la dagaa. Nimeanika mwenyewe, mvua imenikuta naanua mwenyewe." Alisema Yesu hajasema deni lilikuwa la uongo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Ila ile ya kumshika koo, ile ndiyo nimeikuta mimi humu." Kanuni ya hatua ya tano ikatuokoa, maana tulikuwa na ushauri tele, na hakuna aliyeruhusiwa kuutoa.

Jumamosi iliyofuata alikuja mapema, amebeba daftari la madeni pamoja na Biblia. Yule mgambo, mama alishamwambia aache. Deni liko palepale, kijana ameanza kulipa kidogo kidogo, tena anazungusha, na mama hajamsamehe hata shilingi. Tukafungua somo la Dominika ya 25. Ni Mathayo 20, mwenye shamba la mizabibu: walioanza kazi asubuhi wanalipwa dinari moja, na waliofika jioni, kazi imebaki saa moja, wanalipwa dinari ileile. Mama alisoma mpaka mwisho, akafunga Biblia juu ya daftari, akamgeukia katekista.

"Hivi haya masomo anayapanga nani?"

"Roma, mama."

"Sawa. Basi huko Roma hakuna aliyewahi kuuza dagaa."